Kwa Anayeanza Kuchunguza Servet-i Fünun

Ukipewa kazi ya kuandika historia ya Servet-i Fünun, jarida la picha lililokuwa likitoka kila wiki mjini Istanbul, huenda utaanzia pale nilipoanzia mimi, kwenye vitabu vya fasihi ya Kituruki, navyo vitakusimulia zaidi miaka michache, tangu 1896 hadi 1901, kana kwamba jarida lilizaliwa na kuzikwa ndani ya kipindi hicho. Ukweli ni kwamba lilianza 1891 na likaendelea hadi 1944. Kwa sababu hiyo namshauri kila mgeni wa kazi hii afungue majalada yenyewe kabla ya kuwasoma wahakiki, na asizipite picha akikimbilia mashairi.

Jina lenyewe linaweza kukupoteza. Neno fünun ni wingi wa lile neno la Kiarabu lililotupa sisi "fani", na aliyefundishwa shuleni kuchambua fani na maudhui atadhani kwamba hapa pia linahusu ufundi wa mtunzi. Waturuki wa wakati ule walikusudia sayansi na elimu mpya, kwa hiyo jina lina maana ya utajiri wa sayansi. Ahmed İhsan, aliyelianzisha kama nyongeza ya gazeti lililoitwa Servet, alikuwa mfasiri wa Jules Verne, na upendo wake kwa safari, mitambo na uvumbuzi unaonekana wazi ukilinganisha kurasa za mwanzo na zile zilizotoka baada ya mshairi Tevfik Fikret kukabidhiwa uhariri mwezi Februari 1896.

Mtego mkubwa zaidi ni tarehe, nami nilinaswa nao. Nilipoona toleo la kwanza lina mwaka 1307, niliuchukua kuwa wa Hijria, nikapata 1889 au 1890, nikajenga hoja nzima juu ya kosa hilo. Kumbe ulikuwa mwaka wa kalenda ya Rumi, iliyotumiwa na dola ya Osmania katika shughuli za serikali, ambao huhesabiwa kwa jua: Machi 15, 1307 ni Machi 27, 1891. Usiridhike na kanuni ya kuongeza 584 ili kupata mwaka wa Miladi, kwani zamani zile mwaka huo ulianza mwezi Machi, na matoleo ya Januari na Februari yanahitaji 585. Toleo namba 256, ambalo kwalo zama za Fikret huhesabiwa kuanza, liko katika mwezi wa Januari 1311 wa Rumi, yaani Februari 7, 1896. Anayeongeza 584 pale anamtanguliza mshairi mwaka mzima.

Utasoma pia kwamba jarida lilifungwa mwaka 1901 kwa sababu ya makala ya Hüseyin Cahit, iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa na kugusa Mapinduzi ya Ufaransa, jambo ambalo utawala wa Sultani Abdülhamid II haukulivumilia. Ni kweli, lakini lilifunguliwa tena baada ya muda mfupi. Kilichovunjika ni kundi la waandishi lililokuwa limekusanyika humo tangu 1896, na wanaosema jarida lilikufa wanachanganya vitu viwili. Mwaka 1910 kundi jingine la waandishi vijana, Fecr-i Âti, lilitangaza tamko lake katika kurasa hizo hizo.

Ukifika mwishoni mwa 1928 utakuta herufi zimebadilika. Sheria ya alfabeti mpya ilipitishwa Novemba 1 mwaka huo, na tangu Desemba magazeti yalilazimika kuchapwa kwa herufi za Kilatini. Jarida nalo likajiita Uyanış, yaani mwamko. Aliyepitia madrasa ataitambua hati ya majalada ya zamani, ingawa kuitambua hakumwezeshi kuielewa, maana sarufi ni ya Kituruki. Pia andika majina ya watu kwa namna mbili tangu siku ya kwanza, pamoja na jina la ukoo na bila hilo. Sheria ya majina ya ukoo ilikuja 1934, na ukimtafuta Tokgöz, jina la ukoo alilochukua Ahmed İhsan, katika majalada ya karne ya 19 hutampata, kwa kuwa humo mwenye jarida ni Ahmed İhsan peke yake.