Wageni Waliambiwa Tunauza Meno

Mwalimu, shikamoo. Natembeza wageni mashamba ya viungo, Kizimbani. Kiingereza nakimudu, Kihispania ndio kwanza najifunza kwa simu. Juzi nilipata familia kutoka Hispania. Nikawasimamisha chini ya mkarafuu, nikaandika "clove" kwenye simu, ikanipa "diente". Nikawaambia kwa kujiamini kuwa Pemba inatoa dientes nyingi kuliko Unguja. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye ndio najua kumbe diente ni jino! Simu imenidanganya? Na mafuta ya karafuu, mti wake, makonyo, niyaseme vipi? (Mtembeza wageni, Kizimbani)

Marahaba mwanangu. Simu haikudanganya, imejibu suali jengine. Kiingereza kina "clove" mbili zilizokutana kwa sauti tu. Moja ni punje ya thomu (kitunguu saumu), na asili yake ni neno lao la kale la kupasua. Ya pili ndiyo karafuu, nayo waliitoa kwa Wafaransa, wanaosema "clou", msumari. Mhispania kafuata njia hiyo hiyo: karafuu kwake ni clavo, na msumari wa seremala ni clavo vilevile. Chukua karafuu kavu moja uishike kwa vidole viwili. Kichwa hicho juu, na kijiti kinachochongoka chini. Sisi jina tumelichukua kwa Waarabu, qaranful, ndiyo maana msumari hatukuwahi kuuona. Punje ya thomu ndiyo diente de ajo, jino la thomu. Simu yako ilikuwa jikoni, wewe uko shamba.

Kwa hayo maneno ya kuungana, kiweke Kiingereza pembeni kabisa. Mwingereza hutanguliza karafuu, mafuta yakaja nyuma, na katikati hakuna kitu. Mhispania hupanga kama bibi yako: mafuta ya karafuu, aceite de clavo. Mti wa karafuu, árbol del clavo. Makonyo mwambie tallos de clavo, vijiti vya karafuu. Tena wewe una nafuu, kwani ya, wa, la, cha na vya zetu zote kwake ni de, haigeuki kwa ngeli (ila ikikutana na el huwa del). Vijana wanaoniletea kazi wakaandika "clavo aceite" nawajua mara moja: wamezungukia London na safari ilikuwa ya Madrid.

Pilipili ndiyo itakayokutoa jasho. Nilipokuwa nasoma Cuba, miaka ya 1980, nilikwenda dukani nikaomba pimienta, nataka kitu cha kuwasha kwenye mchuzi. Nikapewa kipakiti cha pilipili manga ya unga. Nikarudi siku ya pili nikaomba pimiento, nikapewa pilipili boga, ile Bara wanayoiita hoho. Herufi moja tu! Pilipili kali yenyewe Cuba ni ají picante, Mexico ni chile, Hispania ni guindilla, kwa hiyo muulize mgeni kwao wapi kabla hujafungua mdomo. Mkorogo huu ulianza na safari ya Columbus ya 1492. Walikwenda kutafuta viungo vya Mashariki, wakakuta mmea mwengine unaowasha, wakaupa jina la kile walichokifuata. Tusiwacheke, na sisi zote tumeziita pilipili.

Kungumanga ni nuez moscada. Usiseme nuez tupu, atadhani ile kokwa ya jozi. Basbasi yake ni macis. Na mgeni akitoka Havana, papai mwambie fruta bomba. Sababu yake siiandiki gazetini.

Mwalimu, mume wangu anasema "hasta" ya Wahispania ndiyo "hata" yetu. Anasema kweli au maneno ya barazani? (Msomaji, Wete)

Kweli, mpe kahawa yake. Zote mbili zimetoka kwenye hatta ya Kiarabu. Wao waliipata kwa Waarabu waliotawala kwao karne na karne, sisi tuliipata kwa biashara na dini. Siku hizi "hata" yetu imeshika kazi nyengine, lakini mzee akiuliza "hata lini?" Mhispania angesema ¿hasta cuándo?, neno kwa neno.