Waifai ya jirani haina nywila

SWALI: Shikamoo shangazi. Nakaa Umoja. Waifai ya mama wa ghorofa ya tatu haina nywila. Usiku mimi huketi kwenye ngazi, karibu na mlango wake, inaposhika vizuri, nikapakua masomo ya chuo. Je, naiba?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta hutaja kuvunja ulinzi; wewe hukuvunja kitu. Lakini mama huyo ndiye anayelipa, na ukipakua video, za wanawe zinakwamakwama. Hilo linaniuma. Tena mpita njia yeyote akifanya uovu humo, anwani ya mtandao itakayoonekana ni ya mama. Kesho bisha hodi, mwambie ukweli, umsaidie kuweka nywila, kisha umwombe mchangie bili.