Maswali na majibu: Ubatizo haurudiwi, na Meza ya Bwana si tuzo ya watu wema

Mchungaji, nilibatizwa nikiwa mchanga na sikumbuki lolote. Sasa nimeokoka kwa dhati. Nibatizwe tena?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi hata nikaazimia kulipita, lakini limerudi tena mara nne mwezi huu. Basi tafadhali lisomwe hadi mwisho.

Unaposema hukumbuki, unauegemeza ubatizo wako kwenye kumbukumbu yako. Haujasimama hapo. Mchungaji alitoa mkono tu. Aliyekubatiza ni Mungu, naye hajasahau. Katika Katekisimu Kubwa, kitabu chake cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, anafundisha kwamba imani haiufanyi ubatizo, bali huupokea. Kwa hiyo, kama leo ndipo umeamini kwa dhati, umeipokea zawadi iliyokuwa yako miaka yote hii. Ukibatizwa upya, unatangaza kwamba Mungu mara ya kwanza hakumaanisha alichosema. Paulo anataja "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja."

Niliwahi kuketi na mtu aliyekwisha kubatizwa mara tatu. Kila alipopoa kiroho alitafuta maji mengine, na alipokuja kwangu alikuwa na hofu kuliko alivyoanza. Rudi kwenye ubatizo wako kwa toba, kila siku. Ndivyo Katekisimu Ndogo ya Luther inavyosema: mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku, na mtu mpya afufuke.

Nanyi wazazi mnaomkalisha mtoto miaka miwili bila ubatizo kwa sababu fedha za sherehe hazijatimia, acheni. Mtoto hahitaji sherehe.

Maji ya kumimina kichwani yanatosha?

Yanatosha. Luther mwenyewe alipendelea kuzamisha, na aliliandika hilo mwaka 1519, lakini hakufanya wingi wa maji kuwa sharti. Ubatizo ni maji pamoja na Neno la Mungu.

Mtoto amezaliwa mahututi na mchungaji yuko mbali. Tufanyeje?

Mbatize wewe, mama yangu, au muuguzi Mkristo aliye karibu. Mimina maji kichwani ukisema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha mwarifu mchungaji ili jina liandikwe katika kitabu cha usharika. Mtoto akipona, ataletwa kanisani kuombewa na kupokewa; hatabatizwa mara ya pili.

Akifariki kabla ya maji kupatikana, mtu yeyote asithubutu kumtisha mama yake. Mwaka 1542 Luther aliandika kuwafariji wanawake waliopoteza mimba, akiwahakikishia kwamba Mungu husikia hata kuugua kwa moyo wa mama. Sisi tumeagizwa kubatiza, ila Mungu hakujifunga mikono.

Katika Chakula cha Bwana, mkate ni mwili kweli au ni ishara?

Ni mwili wa Kristo kweli, ndani ya mkate, pamoja nao na chini yake. Namna yake hatuielezi, wala hatusemi kwamba mkate umekoma kuwa mkate. Mwaka 1529 kule Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, mwanamageuzi wa kanisa kule Uswisi, walikubaliana karibu katika kila jambo wakashindwa hapa. Luther aliandika mezani kwa chaki maneno ya Bwana, "Huu ndio mwili wangu," asiondoke hapo. Mwalimu wa kipaimara anayewaambia vijana kwamba "tunakumbuka tu" anafundisha kitu kingine, si Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri.

Nimekuwa na wiki mbaya, najiona mchafu. Je, nikae mbali na Meza hadi nitakapokuwa safi?

Kijana wangu, siku hiyo haitafika. Na hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote katika sharika zetu: Meza imegeuzwa tuzo ya watu wema, kwa hiyo walio na njaa zaidi wanabaki vitini.

Katekisimu Ndogo inajibu wazi. Kufunga na kujitayarisha kimwili ni utaratibu mzuri wa nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeamini maneno haya: "yametolewa na kumwagwa kwa ajili yenu kwa ondoleo la dhambi." Neno "yenu" linataka moyo unaoamini, basi. Ukija kwa sababu umeanguka, umekuja kwa sababu iliyo sawa.

Paulo anapowaonya Wakorintho, walikuwa wanakula na kulewa huku maskini wakiaibishwa kwa njaa. Onyo hilo linamhusu anayekusudia kuendelea na dhambi yake au anayemdharau nduguye. Kama umekosana na mtu, kapatane naye. Kama huwezi kumwona kabla ya Jumapili, njoo ukiwa umeazimia kupatana. Ila usinijie mwaka mzima na sababu hiyo hiyo.

Kuungama mbele ya mchungaji si mambo ya Wakatoliki?

Soma ibara ya 11 ya Ungamo la Augsburg la 1530: ondoleo la faragha, yaani mtu kutangaziwa msamaha peke yake na mchungaji, lidumishwe makanisani. Tulichokikataa ni kulazimisha mtu ahesabu dhambi zote moja moja. Nenda, litaje linalokulemea, usikie ukiambiwa umesamehewa. Na mchungaji anayeyatoa nje aliyoungamiwa amevunja kiapo chake.

Kipaimara ni sakramenti?

Si sakramenti. Wala si mahafali ya kuaga kanisa, kama wengi wanavyoifanya.

Mchungaji wetu ni mlevi. Ubatizo na ushirika anaotoa ni halali?

Ni halali. Ibara ya 8 ya Ungamo la Augsburg inasema sakramenti zina nguvu kwa agizo la Kristo, hata zikitolewa na waovu. Mtoto wako aliyebatizwa na mkono huo amebatizwa.

Lakini mwenendo wake msiufunike kwa ibara hiyo. Wazee wa kanisa wawili au watatu waende kwake kwanza, ana kwa ana. Asiposikia, waandike kwa uongozi wa juu, wataje mambo waliyoyaona kwa macho, watie sahihi. Uvumi wa baada ya ibada hautamsaidia yeye wala usharika.