Uliza Fundi wa Mifumo: Nyongeza za OpenMRS zimetapakaa kila kituo, nizipangeje?

SWALI: Mimi ni afisa wa TEHAMA katika kaunti moja ya magharibi mwa Kenya. Vituo vyetu vya afya vinatumia OpenMRS, mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa, na kila kituo kina nyongeza zake, yaani programu ndogo zinazouongezea mfumo huo kazi. Nyingine zililetwa na miradi iliyokwisha, nyingine zimeandikwa na vijana wa hapa hapa, nyingine hakuna ajuaye zilikotoka. Ziko kwenye flashi, kwenye barua pepe, kwenye makundi ya WhatsApp. Nataka katalogi moja ambayo mtu ataandika neno na kupata anachokitafuta. Nimeshauriwa ninunue seva kubwa kwanza. Nianzie wapi?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Ndugu yangu, hiyo seva iache dukani. Katalogi ni maandishi, na maelezo ya nyongeza mia kadhaa hayafiki hata uzito wa picha moja iliyopigwa na simu. Kompyuta uliyonayo ofisini inatosha.

Swali lako limenigusa kwa sababu OpenMRS ina mizizi kwetu. Wazo lake lilianza mwaka 2004, madaktari wa Indiana walipokuwa wakishirikiana na wenzao wa Eldoret, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kutumika huko huko Eldoret. Haipendezi kituo kilicho mwendo wa saa chache kutoka hapo kikose nyongeza ambayo kituo jirani kinayo.

Anza hivi. Chukua faili moja ya omod, yaani faili ambamo nyongeza ya OpenMRS hufungashwa, uinakili, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .omod kuwa .zip, kisha uifungue. Ndani utakuta faili iitwayo config.xml. Isome taratibu. Kuna *id*, ambalo ni jina la nyongeza kwa mashine. Kuna *name*, *author*, *description* na *version*. Halafu kuna mistari miwili ambayo ningekuomba uithamini kuliko yote: *require_version*, inayosema nyongeza inataka OpenMRS ya toleo gani, na *require_modules*, inayotaja nyongeza nyingine ambazo lazima ziwepo ili hii iwake. Anayetafuta nyongeza saa nne asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, anataka kujua jambo moja: je, hii itafanya kazi kwenye mfumo wangu? Jibu limo ndani ya faili yenyewe tangu siku ilipotengenezwa.

Kwa hiyo mwombe kijana mmoja aandike programu fupi ya Python ipitie omod zote ulizokusanya, itoe mistari hiyo na kuiweka kwenye jedwali. Binadamu asinakili kwa mkono kile ambacho mashine inaweza kukisoma. Na mwambie mapema kwamba namba za matoleo hazipangwi kama maneno: 2.10 ni mpya kuliko 2.9, lakini ukizipanga kwa herufi, 2.10 itatangulia, na watu watapakua ya zamani wakidhani ndiyo ya karibuni.

Kabla hujaenda mbali, pitia katalogi ya OpenMRS wenyewe, addons.openmrs.org. Usichimbe kisima penye bomba. Msimbo wake ni huria, na mpango wake ni wa kuigwa. Kuna faili moja ya JSON (maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome) iliyoorodhesha nyongeza, kila moja na kitambulisho chake, walezi wake na mahali matoleo yake yanapochapishwa. Programu inakwenda huko, inasoma matoleo yaliyopo, inajenga fahirisi. Faili zenyewe zinabaki kule kule kwa wenyewe.

Mpango huo una gharama yake. Zamani nyongeza nyingi zilikuwa zinachapishwa Bintray, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi na kusambaza programu. Tarehe 1 Mei 2021 huduma hiyo ilifungwa, na kila aliyekuwa akielekeza watu huko akalazimika kuhamisha viungo vyake. Kwa zile nyongeza za vijana wako, ambazo hazina kwao, zifungulie hazina ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la faili, ili kila toleo liwe na mahali pake, weka nakala ya pili kwingine, na kwenye katalogi andika alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili na ambao hubadilika faili ikibadilika. Kwa alama hiyo, mtu aliyepewa omod na rafiki kwa flashi ataweza kuhakikisha kwamba ndiyo yenyewe.

Sasa nije kwenye utafutaji, ambako katalogi nyingi hufia. Kuna nyongeza iitwayo idgen. Kazi yake ni kutoa namba za utambulisho za wagonjwa. Kuna nyingine iitwayo htmlformentry, ya kutengeneza fomu. Waulize wahudumu wa mapokezi wangetafuta nini, na utaona hakuna atakayeandika "idgen". Wataandika "namba ya mgonjwa", "namba zinajirudia", "fomu ya kliniki". Hayo maneno hayamo kwenye config.xml, na hakuna programu itakayoyabuni. Hapa ndipo binadamu anapohitajika. Kaa na wahudumu, muulize kila mmoja anaiitaje kazi ile, uandike kama alivyosema, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha kazini. Ningetumia muda mwingi zaidi hapa kuliko kwenye msimbo wote.

Kiswahili kina shida yake. Elasticsearch, programu ya utafutaji ambayo wengi huikimbilia, inakuja na vichanganuzi vya lugha nyingi, vinavyotambua maumbo mbalimbali ya neno moja, lakini Kiswahili hakimo. Anayeandika "mgonjwa" hatapata maelezo yenye "wagonjwa". Kwa katalogi ya ukubwa wako ningechagua PostgreSQL, programu ya hifadhidata, pamoja na kiendelezi chake cha pg_trgm, ambacho hukata maneno vipande vya herufi tatu tatu. "Mgonjwa" na "wagonjwa" yote yana gon, onj, njw na jwa, kwa hiyo yanatambuana bila mtu kuifundisha kompyuta ngeli za Kiswahili. Hata aliyekosea herufi moja atafika.

Zile zilizokufa usizifute. Mfumo ulio kwenye toleo la zamani bado unazihitaji, na kituo kinachoitumia nyongeza kina haki ya kujua kwamba haina mlezi tena. Weka alama wazi: inatunzwa, haitunzwi, imebadilishwa na nyingine, na uitaje hiyo nyingine. Ziteremke chini kwenye matokeo, lakini ziwepo.

Jambo la mwisho, na hili nakusihi. Flashi hizo unazokusanya hazina omod peke yake. Mara nyingi kando yake kuna faili ya .sql, nakala ya hifadhidata nzima ya kituo, yenye majina ya watu na hali zao za VVU. Programu yako ichukue faili za omod tu. Ukikutana na nakala ya namna hiyo, usiifungue wala usiinakili kwenye kompyuta yako. Mrudishie msimamizi wa kituo flashi yake na umweleze kilichomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, na zaidi ya sheria, wale ni majirani zako.

SWALI: Nimepata nyongeza nzuri lakini aliyeiandika hajibu ujumbe. Je, naweza kuirekebisha na kuisambaza?
*Msomaji, Mbale*

JIBU: Fungua leseni yake kwanza. OpenMRS yenyewe iko chini ya MPL 2.0, leseni huria ya Mozilla, na nyongeza nyingi zimefuata hiyo. Kama ndiyo, ruhusa unayo: rekebisha, sambaza, ila faili ulizozigusa ziendelee kuwa chini ya leseni ile ile, msimbo wake upatikane, na tamko la haki za mwandishi wa kwanza usiliondoe. Kama hukuti leseni yoyote, usisambaze mpaka umpate mwenyewe. Na ukiifanya kuwa nyongeza yako, ipe *id* mpya. Mbili zenye kitambulisho kimoja zikikutana kwenye seva moja, au kwenye katalogi ya huyu mwenzetu wa Kakamega, hakuna atakayejua ipi ni ipi.