Siku Ndefu ya Uswidi, Siku Fupi ya Moshi

SWALI: Ndugu Mhariri, mke wa mwanangu ni mzaliwa wa Uswidi, na huu ni mwaka wake wa kwanza kuishi nasi hapa Moshi. Kwao, mwezi Juni, watu huandaa chakula nje ya nyumba kusherehekea siku yenye mchana mrefu kuliko zote, nami ningependa kumwandalia karamu kama hiyo uani kwangu tarehe 21. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasema hapa kwetu siku hiyo ndiyo fupi kuliko zote, na kwamba nitawatesa watu kwa baridi bure. Je, niahirishe?
Mama Mkwe, Moshi

JIBU: Mama, shikamoo. Mwalimu amesema kweli, lakini tafadhali usiahirishe. Mwezi Juni ncha ya kaskazini ya dunia huwa imeinamia jua, nasi wa Moshi, tulio zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, tuko upande wa pili. Hata hivyo, kwa kuwa ikweta iko karibu, mchana wetu mfupi wa Juni na ule mrefu wa Desemba hawapishani hata nusu saa, ilhali mjini Stockholm siku hiyo mchana hupita saa 18 na jua huzama baada ya saa 4 usiku.

Waswidi hukaa mezani bila haraka kwa sababu mwanga bado upo. Kwako jua litazama mnamo saa 12:30 jioni, giza litaingia upesi, na baridi ya Juni haina huruma. Kwa hiyo waalike wageni saa 9 alasiri, na jiko la mkaa liwe limewaka kabla hawajafika.

Kwao mezani huwa na viazi vipya, samaki wa heringi waliolowekwa kwenye siki, na stroberi. Nunua viazi vidogo sokoni Mbuyuni, uvichemshe na maganda yake, uvipake siagi vikiwa bado vya moto, naye ataonja kwao. Kinachobaki kiwe cha kwetu, na kwa baridi hiyo sioni cha kuushinda mtori: chemsha nyama yenye mifupa mpaka ilainike, tia ndizi mshare, na zikiiva uzitoe uziponde kwa mwiko hadi zisiwe na mabonge, kisha uzirudishe kwenye supu na nyama yake. Mpe kila mgeni bakuli lake alishike kwa mikono miwili.

Kabla ya chakula, saa 6:30 mchana, simamisha na mkweo kijiti wima uani. Kivuli chake kitalala kuelekea kusini, kikiwa na urefu wa karibu nusu ya kijiti, yaani kitaupa mlima kisogo. Kiacheni hapo hapo. Tarehe 21 au 22 Desemba, watoto wakiwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu, mwite akitazame tena saa ile ile: atakuta kivuli kimegeuka, kimeelekea Kibo, na jioni hiyo mtandikie meza ya pili, ya siku ndefu ya kwetu.