Ufanisi wa asilimia 82: je, vipimo vyangu ni sahihi?

Swali: Nimepima amplifaya (kikuza mawimbi) ya masafa ya redio ya daraja B, yaani ile ambayo kila transista hufanya kazi nusu ya mzunguko wa wimbi, kwenye megahezi 14. Chanzo cha umeme kinaonyesha volti 28 na ampea 2, na mita ya nguvu, iliyounganishwa baada ya atenueta (kipunguza nguvu) ya desibeli 30, inasoma miliwati 46. Nimepata ufanisi, yaani nguvu inayotoka ikigawanywa kwa umeme unaoingia, wa asilimia 82. Je, inawezekana?

Jibu: Hesabu yako haina kosa, kwani desibeli 30 ni mara 1,000, hivyo miliwati 46 ni wati 46 kabla ya atenueta; volti 28 kwa ampea 2 ni wati 56; na wati 46 zikigawanywa kwa wati 56 hutoa asilimia 82. Hata hivyo, daraja B linapotoa wimbi safi la saini (sine) halivuki asilimia 78.5 hata katika nadharia, kwa hiyo kasoro imo katika vipimo.

Ningeanza na atenueta. Lebo husema 30, lakini ikiwa hasara yake halisi pamoja na kebo ni desibeli 29.5, basi wati zako 46 ni wati 41 tu, na ufanisi unashuka hadi asilimia 73. Nusu desibeli, ambayo wengi wetu huipuuza, imebeba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jibu lako! Pima atenueta na kebo zikiwa zimeunganishwa, kwa megahezi zilezile 14, kisha rudia atenueta ikiwa imepata joto la kazi, kwa sababu hasara yake huweza kubadilika inapopashwa na makumi ya wati.

Pili, mita yenye kihisi cha joto hujumlisha kila kinachoifikia, zikiwemo hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya wimbi la msingi. Hamoniki ya tatu iliyo chini ya wimbi la msingi kwa desibeli 12 huongeza takriban asilimia 6 ya nguvu ambayo haina faida kwako. Weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini, na hasara yake uihesabu.

Volti zipime kwenye vituo vya amplifaya yenyewe. Kosa la hapa huelekea upande wa pili: nyaya zikipoteza nusu volti, umeme unaoingia ni wati 55, na ufanisi halisi unapanda kidogo.

Mwisho, unapoandika matokeo, taja ni ufanisi upi: wa nguvu yote inayotoka, au wa ile tu iliyoongezwa na amplifaya. Kwa huu wa pili, ikiwa mawimbi yanayoingia kwenye amplifaya ili yakuzwe yana wati 2, ziondoe kwenye zile 41 kabla ya kugawanya, nawe utapata takriban asilimia 70.