Mvua ikinyesha TV inaganda, fundi anataka ninunue LNB mpya

SWALI: Mimi niko Umoja, gorofa ya nne, dishi iko juu ya paa. Siku hizi mvua kubwa ikishuka picha inaganda alafu inaandika hakuna signali, na kawaida ni saa ya mpira. Fundi anasema LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea signali, imekufa. Lakini mvua ikiisha inarudi yenyewe, sasa maiti inafufuka aje?
Msomaji, Umoja

JIBU: Hapo mwisho umejijibu ndugu yangu, hiyo pesa weka kwanza. Ni mvua yenyewe inakula signali. Dishi ndogo za nyumbani zinashika mawimbi ya gigahezi 11 ama 12 hivi, urefu wa wimbi la hapo ni sentimita 2 na nusu tu, na tone kubwa la mvua linafika milimita 5, kwa hivyo likipita kwa matone mengi nguvu ingine inanyonywa na maji, ingine inatawanyika, na kumbuka imetoka karibu kilomita 36,000 huko juu, ilikuwa imechoka tangu mwanzo. Yale madishi makubwa ya zamani, yale ungeweza kuanika mahindi ndani, yalitumia gigahezi 4, wimbi sentimita 7 na nusu, mvua hayakuisikia sana. Intaneti ya setilaiti ya gigahezi 20 nayo huumia kuliko yako. Na digitali haina chengachenga za kukuonya, ikishuka chini ya kiwango inakatika tu.

Lakini Nairobi tuna ka-bahati. Kama setilaiti yako ni ya digrii 36 mashariki, iko karibu utosini kwetu, signali inashuka wima, na tuko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, karibu zaidi na mawingu, kwa hivyo mtu wa Mombasa signali yake inapita mvua ndefu kuliko yako.

Ndio maana ikikatika kwa manyunyu tu, hapo shuku dishi. Siku ya jua ingia menyu uone kipimo cha ubora, kikiwa chini kuliko cha jirani mwenye dishi saizi yako, fundi aelekeze upya polepole na afungue konekta acheki kama maji yameingia. Dishi ya sentimita 90 pia inasaidia, ingawa mvua ya mawe bado itakukata dakika kadhaa. Hizo dakika washa redio ya FM, wimbi lake ni mita 3, mvua haiiwezi.